Shule, Karakana na Neema: Kukisoma Tena Kijitabu cha Mwalimu

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu alichokiita Elimu ya Kujitegemea. Katika nchi yetu, waliojibu maswali ya mtihani kuhusu kijitabu hicho ni wengi kuliko waliokisoma. Shabaha zake hukaririwa, alama hupatikana, nacho hurudishwa kabatini. Mwandishi wake angesikitika, maana elimu ya namna hiyohiyo, ya kukariri ili kuvuka mtihani, ndiyo aliyoandika kuipinga.

Tunakirudia hapa, katika kitabu cha mambo ya imani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyoifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10 na kuweka mikondo miwili katika sekondari, wa jumla na wa amali. Tangu Januari 2024 baadhi ya shule zimekuwa zikipokea wanafunzi wa kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, na wazazi hutusubiri mlangoni baada ya ibada wakiuliza kwa sauti ya chini: Mchungaji, huo wa amali si ndio wa watoto ambao kichwa kimegoma? Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Tunaona kwamba swali la shule na kazi limeingia ndani ya fundisho ambalo Kanisa letu husimama nalo au huanguka nalo, yaani kuhesabiwa haki kwa neema, na kwamba sharika zetu hazijazoea kulitazama kutoka upande huo.

Mwalimu anaanza kwa kuuliza elimu ni ya nini. Jibu lake ni kwamba elimu ni kizazi kimoja kukikabidhi kingine maarifa na hekima ya jamii, na kuwaandaa vijana kuishi na kufanya kazi ndani ya jamii hiyo. Kwa hiyo anakataa dhana kwamba kabla ya shule za wakoloni watu wetu hawakuwa na elimu. Hawakuwa na madarasa, lakini mtoto alijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wake. Kisha anaipima shule aliyoirithi na kuiona imepungua. Inachagua wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Inamtoa mwanafunzi katika jamii yake. Inawaondoa kwenye uzalishaji vijana wenye nguvu kuliko wote. Na inamfundisha kijana kuamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa watu wenye vyeti, hata mzee anayejua udongo, mvua na magonjwa ya ng'ombe aonekane hajui kitu.

Hapo kwenye mzee ndipo kijitabu kilipo na nguvu kuliko mahali pengine pote, na miaka mingi iliyopita haijapunguza ukweli wake. Inapendeza pia kuona nani anayesema. Huyu ni mtu aliyesoma Makerere na Edinburgh, aliyefundisha darasani, ambaye taifa zima lilimwita Mwalimu. Hakuandika kwa uchungu wa mtu aliyefungiwa mlango wa shule. Aliandika kwa wasiwasi wa mtu aliyeingia, akafika mwisho wa ukumbi, akageuka kuwatazama walioachwa nje.

Tiba aliyopendekeza inajulikana. Elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Mtihani upunguziwe ukubwa wake. Kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi wale kwa jasho lao na kushiriki katika kuamua mambo ya kazi yao. Kilichotokea kinajulikana vilevile. Katika shule nyingi shamba likawa mahali pa adhabu. Aliyechelewa namba alipewa matuta, mpiga kelele akapewa ndoo, na mahindi yalipokomaa mwanafunzi hakujua yalikwenda wapi. Kijitabu hakikuagiza hivyo, bali kilionya kwamba mwanafunzi lazima aone faida ya kazi yake na awe na sauti ndani yake. Lakini ukimpeleka mtoto shambani kwa sababu amekosa, utakuwa umemfundisha somo moja atakalolikumbuka mpaka uzeeni: kwamba jembe ni la wakosaji.

Hata hivyo hatuwezi kuwatupia walimu lawama zote. Kijitabu chenyewe kina udhaifu wake. Kilidhani shule inaweza kugeuzwa kwa kuongezewa jembe ndani, hali mlango wa kutokea umebaki uleule. Maadamu nafasi ya sekondari ndiyo iliyoamua nani atapata mshahara na nani atabaki na jembe, hakuna mzazi ambaye angeamini kwamba darasa la saba ni elimu kamili. Wazazi hawakuwa wajinga. Waliona viongozi waliosifu jembe wakiwa wamevaa mashati meupe, wakapima maneno kwa mashati.

Sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za makanisa chini ya serikali. Miaka iliyofuata, huko Kilimanjaro, Kagera na kwingineko, wazazi pamoja na makanisa walianza kujenga sekondari zisizo za serikali, kwa fedha za kahawa, kwa mawe yaliyobebwa kichwani, kwa michango iliyotangazwa madhabahuni. Kanisa lilisikia njaa ya watu wake na likailisha. Hilo tunalishukuru. Lakini pamoja na shule tulijenga upya mlango uleule, tukaupaka rangi, tukauombea baraka.

Kuna jambo jingine. Kijitabu kinaitaja karakana, lakini moyo wake uko shambani. Fundi anapita kwa haraka. Kwa nchi ya mwaka 1967 hilo linaeleweka. Lakini kijana wa leo wa Mbagala hana shamba la kurudia, na hata wa mlimani anakuta kihamba cha babu kimegawanywa mpaka kimebaki migomba ya kuhesabika. Anachoweza kurithi ni mikono yake, na mikono hutaka mwalimu. Kwa hiyo anayekisoma kijitabu leo itambidi aisogeze karakana katikati, mahali ambapo mwandishi aliweka shamba.

Sisi Walutheri hupenda kusema kwamba Martin Luther ni baba wa shule. Tunasema kweli. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani kuwasihi wafungue shule za Kikristo, na mwaka 1530 akaandika hotuba ndefu kuwataka wazazi wasiwaondoe watoto shuleni. Katika hotuba hiyo ya pili ni mkali. Anawakemea wazazi wanaomtoa kijana mwenye kipawa ili akatafute fedha, anawauliza wahubiri na waamuzi watatoka wapi, na anasema mamlaka ina wajibu wa kuwalazimisha. Vifungu hivyo husomwa sana kwenye harambee za shule zetu.

Ila katika barua ya 1524 kuna jambo ambalo halisomwi kwenye harambee yoyote. Luther anapendekeza mvulana aende shuleni saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki awe nyumbani akifanya kazi na kujifunza ufundi. Msichana naye apate saa moja ya shule kila siku pamoja na kazi zake. Wale wenye kipawa cha pekee, watakaokuwa walimu na wahubiri, ndio wakae shuleni muda mrefu zaidi. Baba wa shule hakutaka shule imeze siku nzima ya mtoto. Alimtaka fundi asomaye Biblia, na alitaka kitabu na randa vikae meza moja.

Tukumbuke pia kwamba Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliiandika ili mwenye nyumba aifundishe nyumbani mwake. Mwanafunzi wa kwanza wa Kilutheri alifundishwa na wazazi wake, na darasa lake lilikuwa meza ya chakula. Na mwaka 1520, katika barua kwa wakuu wa Ujerumani, Luther alikuwa amekwisha kueleza kwamba mshona viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja ana kazi na ofisi yake, na wote ni makuhani kwa ubatizo wao. Hapa ndipo Mwalimu na Luther wanapokutana, ingawa njia zao ni mbali. Mmoja anamtetea mzee wa kijiji kwa jina la utu na usawa, mwingine anamtetea mshona viatu kwa jina la ubatizo. Tunadhani hoja ya Luther inakwenda ndani zaidi, kwa kuwa haisubiri nchi igeuke kwanza. Mtu alikwisha kuheshimiwa pale kisimani.

Lakini mpango wa Luther nao hauwezi kuhamishwa ulivyo. Nyuma ya saa zake mbili za shule ilikuwepo miji yenye vyama vya mafundi, vyama vilivyokuwa na kanuni za nani anaweza kufundisha, kwa miaka mingapi, na mwanafunzi akihitimu anapewa hadhi gani. Saidia fundi wetu hana chama cha namna hiyo. Anabeba zege miaka minne, na mwisho wake fundi mkuu akihamia mji mwingine, kijana anabaki na mgongo unaouma na hana hata mtu wa kumshuhudia kwamba anajua kupiga lipu.

Historia ina mahali pengine ambapo mambo haya mawili yalikutana, na wengi hupita jirani napo bila kujua. Nikolai Grundtvig, mchungaji wa Kilutheri wa Denmark na mtunzi mkubwa wa nyimbo za kanisa, aliyefariki mwaka 1872, aliichukia shule ya Kilatini aliyosomea. Aliiona inaua. Akawaza shule ya watu wazima wa vijijini, isiyo na mtihani, ambamo watu wanaishi pamoja, wanaimba, wanazungumza kwa lugha yao wenyewe na kujifunza mambo ya maisha yao. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wasweden waliifuata kuanzia 1868. Miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa ikitafuta njia ya kuwafundisha wanavijiji, ikavutiwa na shule za Sweden, na mwaka 1975, kwa msaada wa nchi hiyo, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza. Leo viko zaidi ya 50. Kile chuo kilichoko pembeni ya mji wako, chenye darasa la cherehani na karakana ya useremala, mizizi yake inafika kwenye mahangaiko ya mchungaji mwenzetu wa Denmark.

Vyuo hivyo havikubaki kama Grundtvig alivyowaza. Kozi za ufundi stadi zenye mitihani zimeingia, na tunaelewa kwa nini. Lakini moyo wa kuwapokea walioachwa nje haujafa. Baadhi yake vimewapokea wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito, pamoja na watoto wao wachanga, hata kabla ya serikali kuruhusu mwaka 2021 wasichana wa namna hiyo kurudi katika shule za kawaida. Tunaliandika hili polepole, kwa sababu kuna sharika ambazo msichana yuleyule alitengwa asikaribie Meza ya Bwana huku chuo cha serikali kikimtafutia mahali pa kumlaza mtoto.

Sasa tuje kwenye lile tulilosema ni la imani. Sikilizeni jinsi tunavyozungumza matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Hatusemi mtoto amefeli hesabu, tunasema mtoto amefeli. Kitendo kimepoteza jina lake na kuwa jina la mtu. Divisheni ziro ni alama ya karatasi, lakini mitaani tunasema yule ni ziro. Darasa la saba ni kiwango cha shule, lakini limekuwa tusi: mwache huyo, la saba tu. Mtu mwenye nyumba, mke, watoto watano na mikono iliyopaua nusu ya mji anaitwa la saba, naye anaitika.

Jumapili tunahubiri kwamba hakuna mtu anayepata thamani yake mbele za Mungu kwa kazi alizofanya. Jumatatu tunamwambia kijana wa miaka 17 kwamba thamani yake imetangazwa, imebandikwa ukutani, na sasa imo kwenye simu ya kila jirani. Hilo ni fundisho la kuhesabiwa haki kwa matokeo. Lina hukumu yake, siku yake, kitabu chake cha majina, na jehanamu yake, ambayo ni kukaa nyumbani wakati wenzako wanakwenda kidato cha tano. Vijana wanalijua kuliko Katekisimo. Na anayelihubiri si shetani wa mbali. Ni sisi wazazi na wachungaji, mezani, kwenye gari, kwenye darasa la Kipaimara.

Ungamo la Augsburg, kifungu cha 27, linazungumzia nadhiri za watawa. Baba zetu walilalamika kwamba watu wa kawaida walikuwa wamefundishwa kuona watawa peke yao ndio wenye maisha makamilifu, hata mwenye ndoa na mwenye kazi ya dunia akaishi na dhamiri iliyojeruhiwa, akidhani Mungu anamwona wa daraja la chini. Wasomao kifungu hicho leo hukiona ni ugomvi wa zamani. Sisi tunaofundisha theolojia tunakiona kikitembea mjini. Utawa tuliuondoa, na mahali pake tukaweka joho la mahafali.

Tazameni ibada zetu. Mhitimu wa chuo kikuu huitwa mbele na joho lake, familia husimama, kwaya huimba, sadaka ya shukrani hutolewa. Ni vema. Lakini ni lini tuliita mbele kijana aliyemaliza miaka mitatu kwa fundi wa magari, akiwa na ovaroli yake, tukamwekea mikono? Tazameni jiwe la msingi la kanisa. Lina jina la aliyeliweka, la mgeni rasmi, pengine la mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Jina la aliyenyanyua kozi na la aliyefunga kenchi halipo. Tazameni mfuko wa elimu wa usharika. Katika sharika nyingi unalipa ada ya sekondari na chuo kikuu. Kijana akiomba fedha ya kununua mashine ya kuchomelea au cherehani, kamati humwelekeza kwenye mfuko wa diakonia, kwa maskini. Ada ni elimu, zana ni msaada. Mgawanyo huo haumo katika Maandiko.

Katika Kutoka 31, mtu anayetajwa kwamba Mungu amemjaza Roho si nabii wala kuhani. Ni Bezaleli, mtu wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na kuchonga miti. Tena sura ya 35 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu walitiwa moyoni uwezo wa kuwafundisha wengine. Hilo la pili hatulihubiri vya kutosha. Kumfundisha kijana ufundi, kwa mujibu wa kitabu cha Musa, ni karama. Fundi anayemwonyesha mwanafunzi jinsi ya kushika timazi anafanya kazi ya Roho sawasawa na mwalimu wa shule ya Jumapili aliye chumba cha pili. Tukitaja timazi, tumkumbuke Amosi, aliyeonyeshwa timazi hiyo katika sura ya saba, na ambaye katika sura ileile anamwambia kuhani wa Betheli kwamba yeye si mwana wa nabii, ni mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Vyuo vyetu vya theolojia, kwa sifa zake za kujiunga, vingemrudisha akatafute cheti. Hatusemi sifa hizo zifutwe. Tunasema aliyeziandika aisome sura hiyo mara moja kila mwaka.

Upo pia uongo wa upande wa pili, na siku hizi una wahubiri wake. Wanapita kwenye semina za vijana wakisema shule ni kupoteza muda, na kutaja matajiri wa nje walioacha chuo kikuu. Hawasemi kwamba ili kuacha chuo kikuu lazima kwanza uwe umeingia, na kwamba nyuma ya wale kulikuwa na familia zenye uwezo wa kuwashika wakianguka. Watoto wa wahubiri hao wenyewe wako shuleni. Mtoto wa miaka 12 aliye gereji asubuhi ya Jumanne si mwanagenzi, ni mtoto aliyenyimwa haki yake. Na karakana si mbingu. Tumeona vijana wakichomelea kwa macho makavu bila miwani. Tumewasikia wasichana wakieleza kwa nini walimwacha fundi cherehani aliyekuwa akiwafundisha, na sababu haikuwa cherehani. Anayemsifia karakana kijana bila kwenda kumwona fundi, kumwuliza masharti, na kurudi tena baada ya miezi mitatu, afadhali anyamaze.

Kwa hiyo, mzazi anayetuuliza mlangoni kuhusu mkondo wa amali tunamjibu nini? Kwa maandishi, mkondo huo ni jibu zuri kwa baadhi ya malalamiko ya 1967. Mwanafunzi hachagui kati ya akili na mikono, anaendelea na vyote. Lakini hatari ni ileile iliyoliua shamba la shule. Kama amali itapelekwa kwa wale tu waliopata alama za chini, au katika shule ambazo mashine ni picha kwenye kitabu, basi tumetafuta jina jipya la adhabu ya zamani. Kipimo chetu ni rahisi, nacho kinatuanza sisi wenyewe. Shule za Kanisa zinazotoza ada kubwa na kusifiwa kwa matokeo, ni ngapi zimeomba kuufungua mkondo huo? Na mtoto wa mchungaji, wa mkuu wa jimbo, wa profesa aliye mzee wa kanisa, atakuwamo? Siku mtoto wa namna hiyo atakapovaa ovaroli kwa kuchagua, si kwa kukosa, mzazi yule hatauliza tena kwa sauti ya chini.

Kwa walio nje ya shule tayari, kuna jambo la sasa hivi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kwa kazi anayoifanya, akionekana ana mapungufu hupewa mafunzo ya kuyaziba, kisha hupata cheti. Tunajua kuna kejeli hapa. Tumeandika kurasa zote hizi kupinga utawala wa cheti, na sasa tunamtafutia fundi cheti. Lakini mwenye zabuni atakiuliza, benki itakiuliza, na sisi hatulipi mkopo wa mtu kwa hoja za theolojia. Luther mwenyewe hakuudharau ujuzi wa vyama vya mafundi. Alichokataa ni kuufanya cheo chochote cha dunia kuwa ngazi ya kumfikia Mungu.

Katika sharika zetu wako mafundi wengi ambao hawajawahi kuusikia utaratibu huo. Hawasomi magazeti ya mnada wa kazi, na hawaendi ofisi ambazo mlinzi wa getini anauliza una elimu gani. Lakini Jumapili wapo, benchi la nyuma upande wa kulia, karibu na mlango. Matangazo yetu husoma ndoa za mara ya pili na ya tatu, zamu za usafi, na bei ya kuku aliyebaki kwenye mnada wa wiki iliyopita. Nafasi ya dakika moja ipo. Mwinjilisti akilisoma tangazo la VETA, alisome mara mbili, ataje siku na mahali pa kujiandikisha, na amteue mzee wa kanisa mmoja wa kuwasindikiza watakaojitokeza. Na baraza la wazee likikutana kupanga bajeti ya mwaka, pale penye mfuko wa elimu, baada ya neno ada, liandike: na zana.